Njia ya Tisa

Mikocheni, nje ya Dar es Salaam
12 Oktoba 1953

Kwa mke wangu mdogo Anastasia, uliyenikimbia ukaenda kuishi na masista,

Tumsifu Yesu Kristo. Mie mumeo mzima, isipokuwa goti la kushoto linalotabiri mvua na kukosea kila siku. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja ana uso wa katekista wetu, usimwambie mtu. Remtulla wa dukani anakusalimu. Jirani yetu Salumu bado hajafa, ingawa anatuahidi kila Ijumaa. Mama yako Auleria hajambo, mama yako mkubwa Yuliana hajambo, mama yako mdogo Skolastika hajambo. Wote hawajambo, ila hawasemezani, na ndiyo maana nimetafuta kalamu.

Bibi yako kabla hajazimika alinishika mkono akaniambia, "Polikarpo, hawa watoto watatu wasitawanyike." Nikasema ndiyo. Mtu akiwa anakufa unasema ndiyo tu, hupewi nafasi ya kufikiri. Ndiyo nikawajengea nyumba tatu uani kwangu, kila mmoja na mlango wake, nikadhani nimemaliza.

Sasa sikia. Mwezi wa nane, asubuhi, Yuliana kachutama njiani anachota mchanga. Aliyemwona, kwa nyuma, ni mama yako. Na mchanga wenyewe ulikuwa umetoka kukanyagwa na mama yako akirudi kisimani. Wiki hiyohiyo mguu wa mama yako ukavimba kama kiazi kikuu. Basi. Wewe ni mtoto wa Kimakonde, huhitaji kuambiwa udongo wa unyayo wa mtu unachotwa kwenda kufanyiwa nini kwa mchawi. Mama yako akapiga kelele mpaka wapita njia wa barabara ya Bagamoyo wakasimama. Nikamwita Yuliana, nikamuuliza mchanga ulikuwa wa nini. Akanijibu, "Baba, niulize tena uone." Unamjua Yuliana. Mwanamke ambaye sufuria zake unaweza kunyolea ndevu kwa kujitazama, lakini mdomo wake hautoi maelezo kwa mdogo wake hata kwa bunduki. Skolastika akakataa kushika upande wowote, kwa hiyo pande zote mbili zinamshuku, naye kawanunia wote.

Sasa wameniwekea sheria. Kila mmoja awe na njia yake mpaka kisimani, njia yake mpaka chooni, na njia yake mpaka barazani kwangu anakoniletea chakula. Njia isikatize ya mwenzake, ili unyayo wa mtu usikae pale mwingine anapopita. Nyumba tatu, mahali patatu, njia tisa.

Utasema nichimbe kisima kingine. Nimechimba, yametoka maji ya chumvi, mbuzi akayaonja akanitazama. Choo kingine Bwana Afya kakataa, anasema nitawanywesha watu uchafu. Na baraza la pili sina, maana mie mwenyewe ni mmoja.

Njia nane nimezipata, mke wangu, nzuri kabisa, nimezipanga kwa maganda ya nazi. Ya tisa ndiyo inanitoa jasho, nayo ni ya mama yako kuja kwangu. Kila nikiichora inagonga ya Yuliana kwenda chooni. Nikiisogeza ya Yuliana, inagonga ya Skolastika. Juzi nilizunguka nyuma ya zizi nikapita mgombani, nikasema tayari! Kutazama, nimejifungia mwenyewe ndani ya mduara pamoja na kuku.

Mama yako kasema masika ikianza bila njia yake, anahamia Temeke na wadogo zako. Nikamwambia nenda, Temeke kuzuri. Nimesema tu.

Muulize huyo sista wenu wa hesabu. Usimwambie ni mambo ya unyayo, atanyunyizia barua maji ya baraka. Mwambie ni hesabu.

Mumeo,
Polikarpo (darasa la pili, la tatu nililichungulia dirishani)


Chuo cha Walimu Wasichana, Kusini
9 Novemba 1953

Babu mpendwa,

Shikamoo. Na tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, chakula ni maharage, mvua bado. Naomba usiniite mke wako kwenye barua. Barua zetu husomwa na masista kabla hatujapewa, na Sista Klotilda aliniita kuniuliza huyu mume ana umri gani. Nilipomweleza kwamba ni utani wa babu na mjukuu alisema amefarijika, lakini hakuonekana amefarijika.

Sista Klotilda ndiye mwalimu wa hesabu, kwa hiyo swali lako alikuwa ameshalisoma kabla sijaliuliza, pamoja na mambo ya unyayo. Alichora vitone sita ubaoni, vitatu vya nyumba na vitatu vya mahali, akatuambia tujaribu. Darasa zima tulichelewa chakula cha mchana. Halafu akasema haiwezekani. Babu, si kwamba hujaipata. Haipo.

Nitakueleza kama alivyotueleza. Iache kwanza nyumba ya mama. Chukua ya Mama Mkubwa na ya Mama Mdogo tu. Kila moja itoe njia kwenda kisimani, chooni na barazani. Hizo ni njia sita. Sasa zitazame kama ni ua wa makuti. Zimeigawa ardhi vyumba vitatu, ukihesabu na huko nje kote kuwa chumba kimoja. Zipinde kama utumbo wa mbuzi, vyumba vitabaki vitatu. Na kila chumba kinagusa mahali pawili tu kati ya pale patatu, pa tatu pako ng'ambo ya ua. Sasa rudisha nyumba ya mama. Popote utakapoiweka, itakuwa ndani ya chumba kimoja. Kwa hiyo kutakuwa na mahali pamoja asipofika bila kuvuka ua wa mtu.

Sista anasema hata mfalme akitoa amri haitasaidia.

Mguu wa mama umepungua? Ameniandikia, lakini mistari michache. Kuhusu Temeke sijui kitu.

Mjukuu wako,
Anastasia


Mikocheni
29 Novemba 1953

Anastasia (jina la utani nimelifuta, Sista asije akaugua),

Sie wazima. Yule mbuzi mwenye uso wa katekista kala kanga ya Skolastika. Goti limesema mvua leo, na leo jua limepasua debe. Shikamoo Sista, ukisoma hapa.

Hesabu yenu nimeisoma mara nne na kila mara nimetokea mahali pengine. Nilikwenda uani na nyuzi za mama yako mdogo, nikafunga kwenye vijiti, nikaondoa nyumba ya mama yako kama mlivyosema. Vyumba vitatu, kweli. Nikaingia cha kwanza: naona kisima na choo, baraza langu hulioni. Cha pili: naona baraza na choo, kisima hakuna. Nikaruka uzi kwenda cha tatu, goti likanasa, nikaanguka na hesabu yote. Kuku wakamalizia.

Lakini mie nimewashika. Nyie shuleni si mnasema dunia ni duara? Sasa kwa nini mnachora ubaoni kama ni mkeka? Njia ya tisa naipeleka nyuma! Itoke nyumbani kwa mama yako, ishuke pwani, ivuke maji, ipite huko kwa wazee wa kina Remtulla, izunguke chini ya dunia yote, itokee mgongoni kwa baraza langu kwa mlango wa nyuma. Nilimweleza Remtulla. Akaacha kupima sukari.

"Polikarpo," akasema, "chakula itafika baridi."

"Kitafika, lakini?"

"Itafika kwanza Bombei. Kule wana chakula yao."

Nimechonga mpira wa mpingo, mzuri, ningeuuza, nimeuchora chaki nyumba tatu na mahali patatu. Nimeuzungusha mpaka kichwa kikauma. Unabaki unanitazama tu kama jicho la samaki. Muulize Sista nakosea wapi.

Siku hizi chakula changu ni ugali wa Yuliana mchana na ndizi za Skolastika jioni. Kisamvu cha nazi sijakionja tangu mwezi wa nane. Nakitaja kisamvu kwa sababu ni kisamvu. Mpishi wake simtaji. Alikuwa akikileta anakaa barazani ananitukana mpaka ninyamaze, ndipo anaondoka. Sasa nimebaki na Salumu, naye matusi yake hayana ladha.

Huyohuyo Salumu kaniambia jana kabeba kitanda kwa mkokoteni wake mpaka Temeke. Nikamuuliza cha nani. Akaanza kukohoa. Nawe umesema kuhusu Temeke hujui kitu. Haya.

Babu yako


Chuo cha Walimu Wasichana, Kusini
17 Januari 1954

Babu mpendwa,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya. Barua yako ilikaa Lindi wiki nyingi kwa sababu lori la misheni lilivunjika ekseli. Na nilipoipata nilikaa nayo siku kadhaa. Krismasi tuliimba vizuri. Sista amepokea shikamoo yako, hakujua aitikie vipi, akaandika "asante" pembeni mwa karatasi. Utaiona.

Kuhusu mpira. Sista anasema mpira na mkeka kwa hesabu hii ni kitu kimoja. Chungwa ukilitoboa kitundu kidogo mahali pasipopitiwa na njia, kisha ukalivuta ganda likalala bapa, utapata uwanja wako uleule na ua uleule. Kwa hiyo kuzunguka dunia hakusaidii.

Lakini, Babu, kuna umbo linaloweza. Sikuamini mpaka nilipoona. Sista alichukua kikombe cha chai chenye sikio, akachora vitone sita na njia nane. Ya tisa ilipogonga nyingine, aliipandisha juu ya sikio la kikombe ikashukia upande wa pili, na ile nyingine ikapita chini ya sikio. Tisa zote, hakuna iliyoguswa! Halafu akaniomba ngata ninayobebea ndoo. Anasema ngata na kikombe ni ndugu, kwa sababu kila kimoja kina tundu moja la kupitisha kidole. Nilimuuliza chungu je? Akasema chungu ni ndugu wa chungwa. Nilirudi bwenini nimechanganyikiwa. Rafiki yangu Kokushubila anasema tangu siku hiyo hawezi kunywa chai bila kukitazama kikombe kwa mashaka.

Lakini hatuishi juu ya ngata. Ua wako hauna sikio. Kwa hiyo sijui kama nimekusaidia.

Kuhusu kitanda, nimeambiwa nisiseme. Basi sijasema.

Mjukuu wako,
Anastasia


Mikocheni
14 Februari 1954

Anastasia,

Salamu nyingi, wote hawajambo, sina wakati. Nina sikio!

Siku tatu nilikitazama kikombe cha bati cha Salumu mpaka akadhani namwonea gere. Halafu nikakiinamisha, mchwa akapita chini ya sikio, mwingine yuko juu yake, hawakupeana hata salamu. Nikasema, Polikarpo, hicho si kikombe, hilo ni daraja!

Ndiyo. Najenga daraja uani. Njia ya Yuliana kwenda chooni inapita chini, njia ya mama yako kuja kwangu inapita juu. Nimeangusha minazi miwili iliyokoma kuzaa, nimechonga ngazi pande zote, na juu nimepanga mbao za masanduku ya Remtulla. Alikuja mwenyewe kutazama, akazunguka mara mbili, akachungulia chini.

"Polikarpo, maji wapi?"

"Hamna maji."

"Sasa hii daraja ya nini?"

"Ya hesabu."

Akaondoka polepole. Nasikia kawaambia watu wasinisumbue, nimefiwa na mke.

Tatizo moja dogo limeingia. Yuliana anasema hapiti chini, mavumbi ya unyayo wa mdogo wake yatamdondokea utosini, na hiyo ni mbaya kuliko kuyakanyaga. Mama yako anasema hapiti juu, akaonekane kama mbuzi juu ya kichuguu. Nikasema basi mbadilishane. Mama yako akauliza, na miye ndiye nidondokewe? Skolastika kasema yeye mbona hakujengewa daraja.

Muulize Sista kwenye kikombe chake nani anapita chini na walikubaliana vipi.

Mawingu yameanza kukaa upande wa pwani. Goti halisemi kitu, na ndilo linalonitisha.

Babu yako


Chuo cha Walimu Wasichana, Kusini
7 Machi 1954

Babu mpendwa,

Shikamoo. Sista anasema vitone vyake havina vichwa vya kudondokewa, na kwamba hapo hesabu imefika mwisho wake. Alisema kwa huzuni.

Nitasema sasa, hata kama mama atakasirika. Chumba kipo, karibu na soko la Temeke. Kitanda kimo ndani na kufuli liko mlangoni. Alisema mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake anahama. Aliniomba nisikwambie kwa sababu aliogopa ungemwambia tena "nenda". Babu, mara ya kwanza alisubiri useme neno jingine.

Likizo yangu ni mwezi wa sita. Naomba uniambie, nikija, nishukie wapi?

Anastasia


Mikocheni
4 Aprili 1954

Kwa mke wangu Anastasia (Sista atanisamehe, leo nina sababu),

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikaketi. Nilitaka kwenda kumwambia mama yako hilo neno jingine. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikamuuliza kama ana chumvi. Akanipa. Nikarudi na chumvi mkononi. Ndivyo nilivyo, sasa nifanyeje.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano mchana kutwa. Alhamisi asubuhi Salumu akaja na mkokoteni. Mabunda yamefungwa, wadogo zako wamevishwa viatu. Mie niko barazani nachonga fimbo, nachonga, mpaka fimbo imekuwa kijiti cha meno.

Kumbe mama yako alikuwa amepika kisamvu. Cha kuniagia, nadhani, hakusema. Ua wote ni tope, njia zangu zote nane zimekuwa uji, nyayo za watu zimechanganyika humo huwezi kujua upi ni wa nani. Akalitazama lile tope, akalitazama daraja, akakunja uso, akapanda na bakuli lake. Mtu wa kwanza kulitumia tangu lijengwe.

Na chini ya daraja, Anastasia, ndipo palipokuwa pakavu peke yake uani kote. Mama yako mkubwa kachutama hapohapo, kwenye njia yake mwenyewe, anachota mchanga. Mama yako kafika katikati, ubao ukalia, tope la miguu yake likadondoka chini, puu! Nikafumba macho. Nilipofumbua, naona mama yako kainama kachungulia kati ya mbao, na Yuliana katazama juu. Na mbele ya Yuliana kuna sufuria, nyeusi kwa masizi, na mkono wake uko ndani yake na mchanga, unasugua.

Hata mbuzi aliacha kutafuna.

Mama yako akauliza, "Ndicho ulichokuwa unafanya siku ile?"

"Ulidhani naula?"

"Sasa si ungesema!"

"Uliniuliza? Uliuuliza mguu wako."

Mama yako akabaki hapo juu, bakuli mkononi, kisamvu changu kinapoa. Nilitaka kupiga kelele kwamba kinapoa, lakini kwa mara ya kwanza maishani nikaubana mdomo. Halafu akaunyoosha mguu, uleule uliovimba, akaukung'uta juu ya mbao, mchanga wenye tope ukadondoka ndani ya sufuria.

"Pokea na huu," akasema. "Nyuma bado kweusi."

Yuliana akageuza sufuria, akatazama, akasugua na nyuma.

Salumu kule nje akaita, "Napakia au sipakii?" Akauliza mara ya pili. Mama yako akamwambia kama hana kazi aende Temeke akalete kitanda, watoto hawawezi kulala chini na tope hili. Salumu akanitazama mie. Nikamwambia nenda, Temeke kuzuri.

Mama yako akaja na kisamvu, akakaa, akanitukana kwa ajili ya minazi yangu miwili, kwa ajili ya mbao, kwa ajili ya aibu mbele ya Remtulla, mpaka bakuli likaisha. Kilikuwa kimepoa kweli.

Sasa hali ni hii. Daraja limekuwa la mbuzi. Katekista hulala juu, pacha wake chini, nao hawajagombana. Yuliana na mama yako wanapita popote, hata juu ya maganda yangu ya nazi, hawana adabu na hesabu za watu. Skolastika kawanunia upya, kwa nini wamepatana bila kumwambia, na njia zake tatu amezizungushia mawe. Remtulla anauliza kama mbao zake zinaweza kurudi. Nimemwambia dunia nzima haina sikio ila hapa, asubiri.

Sista mpe mpira wa mpingo nimemtumia, ile chaki nimeifuta. Na mwambie bado sijaelewa kwa nini chungu si ndugu wa kikombe wakati vyote hutiwa uji.

Wewe ukija mwezi wa sita, shukia barabarani, penye duka la Remtulla. Fuata njia iliyochakaa. Ile nyingine iliyonyooka yenye mawe ni ya Skolastika, usithubutu kuikanyaga.

Mumeo,
Polikarpo